Mnyama, Mahali na Mtu: Kivumishi cha Kiingereza "wild" katika Kijerumani na Kiswahili, kwa Kurejelea Soitsambu

Ikisiri

Kivumishi cha Kiingereza "wild" kina maana kadhaa zinazohusiana, na kila lugha inayokipokea hulazimika kuamua ni maana ipi itakayochukuliwa na ipi itakayoachwa. Makala haya yanalinganisha namna Kijerumani na Kiswahili vinavyozigawa maana hizo, kisha yanachunguza istilahi mbili za uhifadhi nchini Tanzania, "pori tengefu" na "pori la akiba", kwa kurejelea Soitsambu katika tarafa ya Loliondo. Hoja kuu ni kwamba Kijerumani kinamtaja mnyama na mahali kwa maneno mawili tofauti, ilhali istilahi hizo za Kiswahili zimeichukua sifa ya mnyama na kuipa ardhi. Uhamisho huo haumo katika matini chanzi ya Kiingereza. Makala yanapendekeza kwamba, katika kipindi hiki ambapo Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, uhamisho wa namna hiyo uchunguzwe kama suala la maana, si la mtindo tu.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa mapema kwamba neno lenye maana nyingi halitafsiriwi lenyewe. Kinachotafsiriwa ni maana yake katika muktadha fulani. Kanuni hii ni sahihi kwa barua, hadithi na habari za gazeti. Hata hivyo, haitoshi pale neno linapoingia katika jina la kisheria la mahali, kwa kuwa hapo jina halisubiri muktadha ulifafanue. Jina lenyewe ndilo linalouunda muktadha ambamo mahali hapo patazungumziwa bungeni, mahakamani na ofisini.

Soitsambu ni kata katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na karibu na mpaka wa Kenya. Jina lake ni la Kimaa. "Osoit" ni jiwe, na "sambu" ni miongoni mwa maneno ambayo Wamaasai huyatumia kutaja ngozi ya ng'ombe yenye rangi mchanganyiko. Neno hilohilo limo katika jina la Enguserosambu, eneo jingine la Loliondo. Aliyelipa jiwe hilo jina alilitazama kwa jicho la mfugaji: aliona mwambani kile alichozoea kukiona zizini. Jina la mahali, kwa hiyo, limeundwa kwa kivumishi kilichotoka katika ufugaji.

Kivumishi kingine kimefika katika ardhi hiyo kutoka nje. Kwa zaidi ya karne moja nyanda za Serengeti na viunga vyake zimeelezwa katika Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili kwa maneno yanayozunguka dhana ya "wild". Dhana hii humtazama mnyama kwa kigezo cha kutofugwa na mahali kwa kigezo cha kutokaliwa. Mahali palipopewa jina kutokana na ng'ombe pamekuja kupewa jina jingine linaloanza kwa neno "pori". Makala haya yanafuatilia njia ya neno hilo na kuuliza ni nini kilichobadilika njiani.

2. Kivumishi kimoja, migawanyo miwili

Mtaalamu wa Kijerumani Jost Trier, katika kazi yake ya mwaka 1931 kuhusu uga wa maana, alionyesha kwamba thamani ya neno hutegemea majirani zake. Neno likiongezeka au likipungua katika uga, mipaka ya maneno mengine nayo husogea. Mtazamo huu unafaa kuchunguzia "wild", kwa sababu tofauti baina ya Kiingereza, Kijerumani na Kiswahili haiko katika vitu vinavyotajwa. Iko katika mipaka iliyowekwa baina ya vitu hivyo.

Katika Kiingereza, kivumishi hiki hutumika angalau kwa maana sita. Ya kwanza ni ya mnyama asiyefugwa. Ya pili ni ya mmea usiopandwa na mtu. Ya tatu ni ya mahali pasipolimwa wala kukaliwa. Ya nne ni ya mtu ambaye, kwa macho ya msemaji, hajastaarabika. Ya tano ni ya hali isiyozuilika, kama vile hasira, shangwe au dhoruba. Ya sita ni ya wazo au makisio yasiyo na msingi. Msemaji wa Kiingereza hulazimika kutegemea nomino inayofuata ili ajue ni maana ipi inayokusudiwa. Umbo la kivumishi halibadiliki.

Kijerumani kina kivumishi chenye umbo lilelile, "wild", na kufanana huku ni mtego kwa mtafsiri. Kwa maana ya tano mara nyingi Kijerumani huchagua neno jingine: shangwe kubwa ni "stürmisch", yaani ya dhoruba. Kwa maana ya sita husema "aufs Geratewohl", yaani kwa kubahatisha. Kwa upande mwingine, "wild" ya Kijerumani ina maana ambayo ya Kiingereza haina kwa uwazi huo: kitu kinachofanywa bila kibali. Kupiga kambi mahali pasiporuhusiwa, kuegesha gari ovyo, na kugoma bila idhini ya chama cha wafanyakazi vyote huitwa "wild". Makazi yaliyojengwa bila ruhusa nayo huweza kuitwa hivyo. Mtafsiri wa Kiswahili hapo angesema "kiholela" au "bila kibali", na asingefikiria mwitu hata kidogo.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa makala haya iko katika nomino. Kijerumani kina "das Wild", nomino ya jumla isiyo na wingi, inayomaanisha wanyama wa kuwindwa na pia nyama yao. Kina "Wildtier", mnyama asiyefugwa kwa lugha ya sayansi, na kina "wildes Tier", maneno mawili yanayoamsha hofu ya simba na chui. Kisha kina "die Wildnis", mahali pasipo na mkono wa mtu. Kitenzi "wildern", kinachomaanisha kuwinda bila haki, hutokana na shina hilohilo. Asili yake imo upande wa mnyama, wala si wa mahali. Kwa hiyo, ingawa shina ni moja, Kijerumani kimejenga ukuta baina ya mnyama na ardhi anayokanyaga. "Das Wild" anaweza kuwa katika shamba la mkulima na shamba likabaki shamba.

Mfano wa mbwa unaonyesha vizuri jinsi lugha zinavyotofautiana. Maneno ya Kiingereza "wild dog" yanaweza kumtaja mnyama wa Afrika mwenye madoa awindaye kwa makundi, na pia mbwa wa kufugwa aliyepotea akaishi bila mwenyewe. Kijerumani humwita wa kwanza "Wildhund", na wa pili "verwildert", yaani aliyegeuka kuwa wa mwitu baada ya kufugwa. Kiswahili nacho hutofautisha bila shida: wa kwanza ni mbwa mwitu, wa pili ni mbwa koko. Hapa Kiswahili na Kijerumani viko pamoja, na Kiingereza ndicho chenye utata. Dai kwamba lugha za Kiafrika hukosa maneno ya kubebea tofauti zilizomo katika lugha za Ulaya halina msingi katika uga huu.

3. Njia za Kiswahili

Kiswahili hakina kisawe kimoja cha "wild", na hiyo ni faida. Mnyama au mmea huchukua "-a mwitu" au "-a porini". Mnyama wa kuogopwa huchukua "-kali". Hali isiyozuilika huelezwa kwa kitenzi au kielezi. Mahali huitwa pori, nyika, msitu au mbuga, na kila neno lina umbo lake la nchi akilini mwa msemaji: mbuga ni tambarare ya nyasi, nyika ni nchi kavu yenye miti michache, msitu ni miti iliyosongamana. Pori ndilo neno pana kuliko yote. Halitaji aina ya uoto; linataja hali ya kutokuwa kijiji wala shamba.

Tafsiri ya Biblia hutoa ushahidi wa karibu kwa sababu lugha zote tatu zinaweza kuwekwa sambamba. Katika Injili ya Mathayo, sura ya tatu, asali ambayo Yohana aliila inaelezwa kwa kivumishi hiki katika Kiingereza cha karne ya 17 na katika Kijerumani cha Luther, na katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version huitwa ya mwitu. Lugha tatu zinakubaliana. Sura ya nne inapofika mahali ambapo Yesu alijaribiwa, makubaliano yanavunjika. Kiingereza kinatumia nomino iliyoundwa kwa "wild", Kijerumani kinatumia "Wüste", yaani jangwa, na Kiswahili kinatumia nyika. Mahali ndipo panapozitenganisha lugha, kwa kuwa kila jamii ina nchi yake tupu na haiwezi kuazima ya mwenzake.

Neno "nyika" lenyewe lina historia inayopaswa kumtahadharisha mtafsiri. Wamisionari wa Kijerumani Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipofanya kazi karibu na Mombasa katikati ya karne ya 19, waliwaita watu wa bara ya pwani kwa jina walilolikuta likitumiwa na watu wa mji: Wanyika. Kamusi ya Krapf na Rebmann ya lugha yao, iliyochapishwa mwaka 1887, ilibeba jina hilo. Watu hao wenyewe walikuja kujitambulisha kama Mijikenda, yaani miji tisa. Badiliko hilo lina uzito wa kisemantiki. Jina la kwanza liliwatambua kwa ardhi inayodhaniwa kuwa tupu; la pili linawatambua kwa miji yao. Sifa ya mahali ilikuwa imehamia kwa watu, nao wakaikataa.

Ukopaji wa upande wa pili unathibitisha jambo hilohilo. Katika enzi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, Wajerumani walichukua maneno ya Kiswahili na kuyatumia katika vitabu vyao kana kwamba ni ya kwao. Miongoni mwa maneno hayo ni safari, boma na askari, na pia "Pori" na "Schensi", la mwisho likitokana na mshenzi. Kijerumani kilikuwa tayari na "Wildnis" na "der Wilde". Hata hivyo kilikopa neno la Kiswahili la mahali na neno la Kiswahili la mtu, yaani maana ya tatu na ya nne za kivumishi kilekile. Hakikuhitaji kukopa neno la mnyama, kwa sababu "das Wild" lilitosha. Mkopo huo unaonyesha kwamba Kiswahili cha pwani kilikuwa na mtazamo wake wa dharau juu ya bara, na kwamba mtawala mgeni aliukuta ukiwa tayari umeundwa. Uga wa pori haukuwa safi kabla ya ukoloni, na uhakiki wa istilahi hauwezi kudai hivyo.

4. Kichwa cha filamu kama jaribio

Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa mwaka 1956 filamu iliyoitwa "Kein Platz für wilde Tiere". Mwaka 1959 ilifuata "Serengeti darf nicht sterben", iliyotokana na kazi ya kuhesabu wanyama kwa ndege aliyoifanya na mwanawe Michael. Michael alifariki Januari 1959 katika ajali ya ndege hiyo, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu ya pili ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na pamoja na kitabu chenye jina hilo iliifanya Serengeti ijulikane duniani.

Kichwa cha filamu ya kwanza ni jaribio zuri la tafsiri. Kiingereza kiliweza kukihamisha karibu neno kwa neno, "No Room for Wild Animals", na msomaji wa Kiingereza hapotezi kitu anachokiona. Lakini Kijerumani kilikuwa na chaguo. Mwandishi hakusema "Wildtiere", neno la mtaalamu, wala "Wild", neno la mwindaji. Alisema "wilde Tiere", maneno ya mtoto anayeitazama picha ya simba kitabuni. Chaguo hilo linamlenga mtazamaji wa mjini. Linamwomba amhurumie mnyama aliyefundishwa kumwogopa.

Mtafsiri wa Kiswahili ana njia angalau tatu. Akisema "Hakuna Nafasi kwa Wanyama Wakali", atahifadhi hofu lakini atawaacha nje swala na nyumbu. Akisema "Hakuna Nafasi kwa Wanyama wa Mwituni", atahifadhi sauti ya hadithi. Akisema "Hakuna Nafasi kwa Wanyamapori", atakuwa amehamia lugha ya idara ya serikali. Kila moja ni sahihi kikamusi, lakini hakuna iliyo sawa na nyingine. Neno "Platz" nalo, lenye maana ya nafasi na mahali kwa pamoja, linauliza swali ambalo tafsiri ya tatu inalijibu bila kukusudia: ikiwa wanyama ni wa pori, basi nafasi yao ni pori, na pori ni lao.

Hapa ndipo lugha na siasa ya uhifadhi zinapogusana. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wawe wenyeji. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro likatenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Wamaasai waliotakiwa kuondoka Serengeti walielekea Ngorongoro na Loliondo. Msimamo wa Grzimek haukutokana na sarufi ya Kijerumani. Ukuta uliopo katika Kijerumani baina ya "Wild" na "Wildnis" ungemruhusu kuwataka wanyama bila kuitaka ardhi tupu. Alizitaka zote mbili, na alilazimika kulisema hilo waziwazi na kulitetea. Mwandishi wa Kiswahili anayetumia "wanyamapori" hahitaji kutetea chochote. Neno limeshatangulia kusema.

5. Kutoka mnyama hadi ardhi: "pori tengefu"

Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1974 na ile ya mwaka 2009, Sheria Na. 5, ziliandikwa kwa Kiingereza. Zote zina daraja la ardhi linaloitwa "Game Controlled Area". Kisarufi, jina hili ni kundi nomino ambalo kichwa chake ni eneo. Kinachodhibitiwa ni "game", yaani wanyama wa kuwindwa na uwindaji wao, na eneo ni mahali ambapo udhibiti huo hufanyika. Hakuna katika maneno hayo matatu linalosema kwamba eneo ni tupu. Mjerumani akilitafsiri kwa mtindo wa "Wildschutzgebiet", neno linalotumika kwa hifadhi za wanyama wa kuwindwa, "Wild" itabaki kuwa mnyama na "Gebiet" itabaki kuwa eneo tu.

Kiswahili rasmi kimeliita daraja hilo "pori tengefu". Mabadiliko mawili yametokea. Kwanza, kichwa cha jina si eneo tena, ni pori. Mnyama ametoweka katika jina, na kivuli chake kimebaki juu ya ardhi. Pili, "controlled", yaani -liodhibitiwa, limekuwa "tengefu", kivumishi kilichoundwa kutokana na kitenzi "tenga" kwa kiambishi tamati -fu. Kudhibiti ni kuweka masharti juu ya kinachofanyika mahali. Kutenga ni kupaondoa mahali hapo katika mahali pengine. Hata upatanisho wa kisarufi unaonyesha kwamba maneno haya yameganda kuwa jina: wingi unaotumika ni "mapori tengefu", si "mapori matengefu".

"Pori la akiba" linafuata njia hiyohiyo. Katika "Game Reserve", kilichowekwa akiba ni wanyama. Katika Kiswahili, kwa mujibu wa muundo wa a-unganifu, kilichowekwa akiba ni pori lenyewe. Akiba ni kitu ambacho mwenyewe amekiweka ili akitumie baadaye, na jina halisemi mwenyewe ni nani.

Tofauti hizi zingekuwa za kitaaluma tu kama zisingegusa ardhi yenye watu. Pori Tengefu la Loliondo la zamani lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4,000, na ndani yake mlikuwamo vijiji vilivyosajiliwa, vya Soitsambu vikiwa miongoni mwao. Chini ya sheria ya 1974 hali hiyo haikuwa na mgongano mkubwa: daraja hilo lilidhibiti uwindaji, na watu waliendelea kuishi na kuchunga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliitambua ardhi ya vijiji kama daraja lake lenyewe. Kwa Kiingereza, mtu angeweza kusema bila kujipinga kwamba uwindaji unadhibitiwa katika ardhi ya kijiji. Kwa Kiswahili, sentensi hiyohiyo ilidai kwamba kijiji kimo ndani ya pori. Msemaji wa kawaida husikia kasoro hapo, kwa sababu pori ni kile ambacho kijiji sicho.

Sheria ya 2009 ilikataza kuchunga mifugo katika daraja hilo bila kibali cha maandishi, na wakati huohuo ikaelekeza kwamba ardhi ya vijiji isijumuishwe ndani yake. Kuanzia hapo swali la Loliondo likawa la kuainisha: ardhi ipi ni ya kijiji na ipi ni pori. Juni 2022, katika operesheni ya kuweka mipaka iliyoambatana na vurugu na kifo cha askari polisi, kilomita za mraba 1,500 kandokando ya Serengeti zilitangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Oktoba mwaka huo zikapandishwa kuwa pori la akiba. Mgogoro huo umefikishwa katika Mahakama Kuu na katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na hoja za pande zote zinahusu ushahidi wa ramani, usajili na matumizi.

Katika mabishano ya namna hiyo jina si ushahidi, lakini linaamua mzigo wa maelezo uko kwa nani. Mtu anayesema "kijiji changu kimo katika eneo la udhibiti wa uwindaji" anatoa taarifa. Mtu anayesema "kijiji changu kimo porini" anaonekana kuungama. Mtu aliyemo porini na mifugo yake naye huhitaji jina, na lugha ya habari imempatia: mvamizi. Maana ile ya Kijerumani ya "wild", yaani bila kibali, ambayo Kiswahili hakikuwa nayo katika neno "mwitu", imerudi kwa mlango wa nyuma kupitia "pori".

6. Pingamizi na mipaka ya hoja

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba "pori" katika matumizi ya kila siku si mahali patupu. Watu huenda porini kuchunga, kutafuta kuni, kurina asali na kuchimba dawa. Hili ni kweli, na linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Pori la msemaji wa kawaida ni sehemu ya maisha ya kijiji, hata kama nyumba haziko humo. Istilahi ya kisheria imelichukua neno hilo na kulibana, ikaondoa mchungaji na mrina asali. Msomaji wa sheria anasikia neno analolijua, lakini analolisoma si lile.

Pingamizi la pili ni kwamba wafugaji wenyewe hutenga ardhi. Kimaa kina neno "olokeri", malisho yaliyohifadhiwa karibu na makazi kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Kwa hiyo dhana ya "tengefu" si ngeni Soitsambu. Tofauti ni kwamba olokeri hutajwa kwa kazi yake: inajulikana ni ya nani, kwa mifugo ipi na kwa majira gani. "Tengefu" halina kijalizo. Limetengwa na nani, na nani, kwa ajili ya nini, yote hayo yameachwa nje ya jina. Kama watunga istilahi wangeitazama dhana ya olokeri, wangepata kielelezo cha utengaji unaomjumuisha mtu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: neno halihamishi mtu. Maamuzi hufanywa na mamlaka kwa sababu za uchumi, utalii na ikolojia, na yangefanywa hata kama istilahi ingekuwa nyingine. Makala haya yanalikubali pingamizi hilo. Ujangili na kupungua kwa njia za wanyama ni matatizo ya kweli, na hakuna kamusi itakayoyatatua. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi, nacho kinaweza kuthibitishwa: istilahi ya Kiswahili imesema jambo ambalo matini chanzi haikusema, na jambo hilo linaelemea upande mmoja wa swali lililo wazi. Mtafsiri hapaswi kulijibu swali ambalo bunge limeliacha kwa waamuzi wengine.

7. Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba kivumishi "wild" hakikutua katika Kiswahili kama neno moja. Kilitawanyika katika mwitu, pori, nyika, -kali na -shenzi, na mtawanyiko huo ni utajiri unaomwezesha mtafsiri kusema hasa anachokusudia. Tatizo lilianza pale istilahi rasmi ilipouacha utajiri huo ikalipa neno moja, "pori", kazi ya kumtaja mnyama katika "wanyamapori" na kazi ya kuitaja ardhi katika "pori tengefu" na "pori la akiba". Kijerumani, chenye shina moja tu, kimeweza kuzitenganisha kazi hizo mbili. Kiswahili, chenye maneno mengi, kimeziunganisha.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kutafsiriwa. Kazi hiyo itazigusa sheria za ardhi na za wanyama kwa pamoja. Pendekezo la makala haya ni la kiutaratibu. Kila istilahi ya daraja la ardhi ipimwe kwa kuuliza sifa iliyomo katika matini chanzi ni ya mnyama, ya mahali au ya mtu, kisha ihakikishwe kwamba katika Kiswahili imebaki palepale. Kwa kipimo hicho, "Game Controlled Area" ingekuwa "eneo la udhibiti wa uwindaji", na "Game Reserve" ingekuwa "eneo la akiba ya wanyama". Majina haya ni marefu kidogo na hayana mvuto wa "pori tengefu". Lakini yanamwachia mkazi wa Soitsambu nafasi ya kusema mahali anapoishi ni kijiji bila lugha kumkanusha kabla hajasikilizwa.